Kimya Kimoja, Ndiyo Mbili

Chai tuliyoiacha wiki jana pale Kisenyi, Kampala, haijapoa bado, msomaji, kwa hiyo ingia upesi ukae. Mambo yameharibika tangu tulipofunga ukurasa.

Unakumbuka. Shamim, binti wa Sheikh Rafiq, alirudi nyumbani Ijumaa mchana, akapanda ngazi zilizo ubavuni mwa duka la vipuri la ami yake, akafunua pazia la sebule. Akakuta wanawake wawili wamekaa kochi moja, wanamsubiri yeye. Mmoja alikuwa na sweta ya shule mapajani. Mwingine alikuwa na ufunguo kiganjani. Wote wawili waliinuka pamoja, wakatamka neno lile lile.

"Hongera!"

Shamim aliachia pazia, likashuka nyuma yake.

Mwenye sweta alikuwa Mwalimu Teresa Nabangala, Mkenya wa Bungoma, msimamizi wa ile Diploma ya kimataifa katika shule ya kilimani ambako Shamim alikwenda kujaribiwa kwa wiki moja. Diploma ile si lelemama. Ni miaka miwili ya masomo sita kwa mpigo, insha ndefu ya utafiti, kazi za kujitolea, na kulala bwenini. Anayeimaliza hufunguliwa milango ya vyuo vikuu huku na ng'ambo. Anayeishindwa katikati hana pa kurudi, maana nafasi za Senior Five, yaani kidato cha tano, kwingine zinakuwa zimejaa zamani. Shule ilikuwa tayari kumsomesha bure.

Mwenye ufunguo alikuwa Hajati Halimah, mwenyekiti wa kamati ya madrasa anayofundisha Sheikh Rafiq. Mwalimu wa darasa la wasichana ameolewa, amehamia Mbale. Asipopatikana mwalimu mwingine wa kike, chumba kile kitapangishwa kwa wauza matairi, na wasichana watarudi makwao. Shamim ndiye aliyetegemewa. Angesoma Senior Five shule ya jirani asubuhi, na jioni angewafundisha wale wasichana wadogo Kurani.

Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walisema. Shamim hakuwa na habari kwamba ameshika hata moja.

"Nimefurahi sana umekubali," alisema Mwalimu Teresa. "Anko wako alinipigia simu jana akaniambia uko tayari."

"Amekubali nini?" Hajati alimgeukia. "Huyu amekubali kwetu, nnyabo. Sheikh mwenyewe alisimama kwa kamiti akasema binti yake iko tayari. Sisi tumekuja na funguo, si maneno."

"Kwa hivyo hiyo 'ndiyo' yake ni yangu ama ni yako?"

"Ni yetu!"

Wote wawili wakamtazama Shamim. Shamim akatazama zulia.

Viatu vikasikika ngazini. Ami Sufian aliingia wa kwanza, mikono ina mafuta ya gari, tabasamu limefika masikioni. Nyuma yake alikuwa kaka yake mkubwa, Sheikh Rafiq, katika kanzu aliyosalia Ijumaa. Tabasamu la Sufian lilipoona ufunguo lilikufa. Uso wa Sheikh ulipoona sweta ulikunjamana.

"Sufian," alisema Sheikh polepole, "nani amekwambia mwanangu amekubali kwenda huko?"

"Yeye mwenyewe, kaka."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Nilimuuliza hapo chini dukani, Shamim, niwaambie unakwenda? Akainamisha kichwa, akanyamaza. Si amekubali huyo?"

Sheikh Rafiq alikaa chini.

"Mimi nilimuuliza baada ya darasa," alisema. "Akainamisha kichwa. Akanyamaza."

Ngoja nikueleze, msomaji, usije ukawacheka bure. Katika nyumba za watu hawa, ambao mababu zao walikuja Kampala na biashara kutoka pwani na dini yao mkononi, binti akiletewa posa huulizwa. Akiinamisha kichwa akanyamaza, wazee hutabasamu. Haya imemziba mdomo, amekubali, someni Fatiha. Ni desturi ya ndoa na ina heshima yake. Lakini wanaume wa nyumba hii waliizoea mpaka wakaitumia kwa kila kitu. Binti aliulizwa habari ya shule, habari ya safari, hata habari ya kupika biriani Jumapili, akinyamaza basi imepita. Kosa halikuonekana kwa sababu siku zote aliyeuliza alikuwa mtu mmoja. Safari hii waliuliza wawili.

"Mimi ndiye baba yake," alisema Sheikh.

"Na mimi ndiye niliyempeleka kujaribiwa!"

"Ulimpeleka bila ruhusa yangu."

"Nilikuomba ruhusa, kaka. Wallahi nilikuomba, ulikuwa unasoma kitabu." Sufian alijifuta mafuta mikononi. "Ukanyamaza."

Mwalimu Teresa alikohoa kuficha kicheko. Hajati hakucheka hata kidogo.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Bibi Ruqayya, mama wa wale ndugu wawili, mwiko mkononi, ushungi umemteleza mabegani. Mama huyu hajawahi kuuliza jambo kwa upole tangu azaliwe.

"Mnaoza nani humu ndani?"

"Hakuna anayeozwa, Mama," alisema Sheikh.

"Basi kimya kinatafutwa cha nini? Mwiko ulitaka kuniponyoka kwa makelele yenu. Kimya ni cha posa, Rafiq. Na hata kwenye posa mama huingia chumbani akamuuliza mtoto mara ya pili. Mtoto wa shule akiulizwa anajibu kwa mdomo. Muulizeni tena, mimi nasikiliza."

Sheikh akajiweka sawa. "Shamim, mwanangu. Unakwenda shule ya kilimani au unabaki na madrasa?"

Sebule nzima ilisubiri. Chini barabarani mafundi wa magari waligonga mabati kana kwamba hakuna linalotokea.

Shamim alinyamaza.

"Mmeona?" walisema ndugu wawili kwa pamoja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole.

Wao walidhani ni haya. Haikuwa haya, msomaji. Msichana yule alikuwa anaogopa, na alichokiogopa hakuna mtu wa nyumba ile aliyekijua. Alitoka nacho kule kilimani, na tangu siku hiyo usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Mwalimu Teresa aliinuka, sweta mkononi. "Samahani, wazee wangu. Kwangu darasani mwanafunzi akinyamaza mimi naandika sifuri. Nipeni huyu msichana kidogo tu, huko nje."

Hakungoja kujibiwa. Alimshika Shamim mkono wakatoka kibarazani, pale panapotazama barabara, akavuta pazia nyuma yao.

"Shamim, niangalie. Sikuja kukuchukua."

Shamim aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Nimekuja na sweta, ndio, lakini nimekuja nikiwa tayari kurudi nayo. Wiki yote ile hukufungua mdomo darasani. Hii programu haina huruma. Mtoto ambaye haulizi, hasemi amekwama, namuona akizama na mimi siwezi kumfikia. Anko wako aliposema umekubali, nikajiuliza mbona sijamsikia mwenyewe. Sichukui mtoto kwa sauti ya anko. Kuna msichana kule Kamwokya amekaa na simu mkononi anangoja. Nikishuka hizi ngazi kabla sijakusikia, sweta ni yake."

Shamim alipindua ncha ya mtandio wake.

"Madamu, mimi nilipata tatu."

"Najua. Nilisahihisha mimi."

"Tatu kati ya saba."

"Hiyo pia najua."

Labda wewe huoni ajabu, msomaji. Watu wanapata tatu na wanakula wakashiba. Lakini Shamim tangu darasa la kwanza hakuwahi kuwa wa pili, shuleni wala madrasani. Kusoma kwake kulikuwa kuhifadhi, na katika kuhifadhi hakuwa na mpinzani. Kule kilimani alipewa habari ya mji uliotaka kuhamisha soko lake, akaulizwa yeye anaonaje. Akamwaga yote aliyosoma, wachumi wanasema hivi, wanahistoria wanasema vile, hakuacha hata nukta. Mwalimu Teresa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mbele ya wenzake: wote hao nimewasikia, Shamim, sasa wewe uko wapi? Akasimama pale ubaoni akangoja jibu. Jibu halikuja.

Swali lile lilimuumiza. Na hapa ndipo penye siri yenyewe: lilimpendeza pia. Alilala nalo, akaamka nalo. Hakukumbuka mtu mwingine aliyewahi kumuuliza jambo halafu akangoja.

"Unaogopa?" aliuliza Mwalimu Teresa.

"Sana."

"Na unataka?"

Shamim alikuwa anavuta pumzi ya kujibu pazia lilipofunuliwa. Sheikh Rafiq alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye kitambaa. Alikuwa amesikia.

"Tatu?" alisema. "Shamim wangu mimi, tatu?"

Laiti angefoka. Shamim alikuwa amejiandaa kwa ukali wa baba yake, hakujiandaa kuona midomo yake inatetemeka.

"Na ulinificha mimi, mwanangu? Wiki ngapi tunakula sahani moja?"

Sheikh aligeukia mgeni.

"Mwalimu, tunakushukuru kwa wema wako. Mambo yamekwisha. Hapa kwetu mtoto huyu ni wa kwanza, huko kwenu ni wa mwisho. Sitampeleka mwanangu mahali pa kumvunja moyo. Mpigie simu huyo wa Kamwokya."

Akamrudisha binti yake sebuleni kwa mkono, kama alivyokuwa akimvusha barabara utotoni.

"Hajati, mpe ufunguo."

"Alhamdulillahi!" Hajati Halimah alisogea haraka. "Njoo, mtoto yetu. Hao wadogo zako wameshaosha mikeka, wanasema Dada Shamim anakuja. Shika."

Nyuma yao Mwalimu Teresa alikuwa ametoa simu kwenye mkoba. Alikuwa anatafuta namba.

Ufunguo uligusa kiganja cha Shamim. Ulikuwa na joto la mkono wa Hajati. Na ngoja nikwambie ukweli, ulikuwa mtamu ule ufunguo. Angekuwa wa kwanza tena. Watoto wangempenda, baba yake angesahau ile tatu, na hakuna mtu ambaye angemuuliza tena yuko wapi. Hata kusema asingelazimika. Alitakiwa afunge vidole tu.

Aliurudisha mkono nyuma. Ufunguo ukaanguka sakafuni.

"Hapana."

Watu walitazamana. Ami Sufian aligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia.

"Nani amesema?" aliuliza Bibi, ingawa alijua vizuri sana.

"Mimi, Bibi." Sauti ya Shamim ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwa inatoka. "Baba, mimi sikukubali. Na wewe ami, kwako pia sikukubali. Mliniuliza mkaondoka. Kila aliyeniuliza aliondoka na jibu lake mwenyewe."

"Basi ungesema!" alisema Sheikh. "Nani alikukataza kusema?"

"Niliogopa. Kwako mimi ni wa kwanza, Baba, sijui kuwa mwingine. Niliona ukijua tatu yangu utaniangalia vile ulivyoniangalia hapo nje sasa hivi." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Lakini nataka kwenda. Kule niliulizwa mimi naonaje, na mwalimu akasimama akaningoja. Sikuwa na jibu. Nataka nikalitafute. Nikianguka, nianguke kwa kusema. Sitaki kupita kwa kunyamaza."

"Nilisema mimi!" Ami Sufian alipiga makofi. "Nilisema huyu ni wa Diploma!"

"Ulisema nini wewe?" Bibi alimgeukia. "Hukusikia na wewe umekataliwa?"

Hajati Halimah hakuwa amesogea. Alikuwa anautazama ufunguo sakafuni, na aliposema hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

"Na wale watoto, Shamim? Wewe umesoma alifu na bee kwa chumba ile. Kwa mkeka ile ile. Kama mwalimu wako alikataa siku ile, leo ungekuwa nani? Bambi, maskini wale, niende niwaambie nini?"

Neno lile lilimwingia Shamim mpaka mfupani. Aliwaona mmoja mmoja, juzuu zao mikononi, mitandio yao iliyokaa upande.

"Sijui," alisema. "Nisamehe, Hajati. Sijui."

Hakuna aliyemsaidia. Mwalimu Teresa alirudisha simu mkobani, lakini hakuufunga mkoba.

"Mimi nimemsikia," alisema. "Asante, Shamim. Lakini bado kuna mmoja. Shule haichukui mtoto kama mzazi hajatamka mwenyewe. Sheikh, mimi ni mgeni hapa kwako na sitaki kukusukuma. Ila nikitoka hapa lazima nimpigie yule wa Kamwokya, nimwambie aje ama asije."

Shamim alisogea mbele ya baba yake.

"Baba, mimi nimesema. Na wewe sema. Naomba ruhusa yako."

Sheikh Rafiq anahutubia Ijumaa na sauti yake inafika mpaka kwa wauza mitumba. Anatoa fatwa kwa simu huku anakunywa chai. Siku ile alimtazama binti yake, akatazama ufunguo, akatazama sweta. Kisha akainamisha kichwa, akanyamaza.

Jamani!

"Amenyamaza!" Ami Sufian aliruka. "Kaka amekuba..."

Mwiko wa Bibi ulimpata begani.

"Nyamaza! Kwani huyu ni bi harusi?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Sheikh alisikiliza mpaka ikaisha, macho chini. Kisha aliinama, akaokota ufunguo. Hajati akashusha pumzi. Lakini Sheikh hakumpa mtu. Alimwendea Mwalimu Teresa, akanyoosha mkono, akaitwaa ile sweta taratibu kutoka mkononi mwake. Akapita katikati yao wote, akafunua pazia, akashuka ngazi na vitu vyote viwili bila kusema neno.

"Banange," alinong'ona Hajati. "Ameenda na yote!"

"Hiyo ni sweta ya shule!" alisema Mwalimu Teresa. "Sasa mimi nimwambie nini yule mtoto?"

"Anakwenda kusali," alisema Bibi, lakini hata yeye alionekana hana hakika. "Akirudi tutamwona usoni."

Kumwona usoni. Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile miaka yote, wakisomana nyuso. Shamim wa jana angekaa kwenye mkeka akamsubiri baba yake arudi, akatazama kama ndevu zimekaa kiupole au kiukali, akajua maisha yake yanakwenda wapi.

Alikimbilia kibarazani.

Baba yake alikuwa anavuka barabara katikati ya magari yaliyofunguliwa boneti, kanzu nyeupe kati ya watu wenye grisi. Alikuwa karibu kufika upande wa pili. Shamim alishika chuma cha kibaraza kwa mikono miwili.

"Baba!"

Sheikh hakugeuka.

"Baba! Nimekuuliza! Nimekuuliza, nijibu!"

Nyundo zikasimama. Fundi mmoja alitoka chini ya gari akajifuta uso. Muuza samosa aliacha mafuta yakaungua. Watu wa Kisenyi walikuwa wamemwona binti wa Sheikh akipita tangu utoto wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia. Sasa walisimama wanatazama juu, wengine wanatazama mgongo wa Sheikh, wanasubiri kuona baba atafanya nini kwa aibu ile ya mchana kweupe.

Shamim hakuondoka pale, na hakuinamisha kichwa.

Sheikh Rafiq alisimama. Aligeuka. Sweta ilikuwa mkono wa kushoto, ufunguo umefumbatwa mkono wa kulia. Alimtazama binti yake, mbele ya mtaa mzima.

"Shuka," alisema. "Njoo uniulize tena hapa, karibu yangu. Safari hii nitajibu."

Shamim akaanza kushuka ngazi, na hakujua ni mkono upi utakaofunguka, wa sweta au wa ufunguo.